Tai chi na kujilinda: tunayoyasikia Mombasa na ukweli wake

Anayefanya tai chi, sanaa ya mapigano ya Kichina yenye miondoko ya polepole, asubuhi pale ufukweni Mama Ngina, meli zikipita kuelekea Kilindini, hakosi watazamaji. Kuna wanaodhani ni mgonjwa aliyeagizwa na daktari anyooshe viungo, na kuna wanaodhani anacheza ngoma ya Kichina. Hao hawana neno. Linalonikera ni yale yanayoaminiwa na wanafunzi wenyewe, maana mengine huwanyima faida na mengine yanaweza kuwaponza.

"Ni mazoezi ya afya tu, kupigana hakumo"

Dhana hii ina chanzo kinachoeleweka. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitunga mfululizo mfupi wa miondoko 24 ili watu wengi waweze kujifunza kwa ajili ya afya. Huo ndio unaoonekana zaidi kwenye video za simu, kwa hiyo watu huona ulaini na upole wakadhani ndio mwanzo na mwisho.

Asili ni nyingine. Tai chi yenye historia inayofuatilika ilitoka kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, kwa ukoo wa Chen, na anayetajwa kuwa mwanzilishi, Chen Wangting wa karne ya 17, alikuwa mwanajeshi. Yang Luchan (1799–1872) alijifunza kijijini hapo, kisha akaenda Beijing kufundisha, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo walinzi wa ufalme. Mjukuu wake, Yang Chengfu (1883–1936), ndiye aliyeueneza ule mtindo mpana wa polepole tunaoujua leo.

Mapigano yenyewe yamo ndani ya miondoko, ila hayaonekani mpaka uonyeshwe. Chukua ule uitwao Kugawanya Manyoya ya Farasi. Kwa mtazamaji, mtu amekumbatia mpira usioonekana, kisha anapiga hatua mbele na kufungua mikono, mmoja juu, mwingine chini. Sasa mweke mtu mbele yake. Mkono wa chini umemkamata adui kifundo cha mkono na kumvuta aelekee chini. Ile hatua ya mbele imeweka mguu nyuma ya mguu wake. Mkono wa juu umepita chini ya kwapa lake hadi kifuani, na nyonga inapogeuka, hana pa kurudishia mguu. Anapigwa mwereka chali. Ukiikosea hatua ile kwa shubiri moja tu, hakuna kinachotokea, ndiyo maana mwalimu mzuri hugombana na wanafunzi juu ya miguu kuliko mikono.

Kufukuza Nyani, ambao hufanywa kwa kurudi nyuma, hujibu anayekushika mkono. Mkono ulioshikwa hurudi nyongani kwako kiganja kikitazama juu, na kwa kugeuka huko unatokea upande wa kidole gumba cha aliyekushika, ambapo mshiko ni dhaifu. Wakati huohuo kiganja cha pili kinakwenda usoni au kifuani kwake. Jogoo wa Dhahabu, wa kusimama mguu mmoja, ni goti la kinena. Tena mwondoko mmoja huwa na matumizi zaidi ya moja. Ukionyeshwa moja, usifunge mlango.

"Nikikariri mfululizo wote, nimeshajua kujilinda"

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Wanaojua kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, watanielewa upesi: anayezungusha fimbo peke yake uani anaweza kupendeza sana, lakini ustadi wake utajulikana atakapoingia uwanjani na mwenzake akamletea fimbo kwa mdundo asioutarajia. Tai chi nayo ina uwanja wake. Huitwa kusukumana mikono: wawili wanagusana mikono, kila mmoja akitafuta kumtoa mwenzake kwenye mizani na kulinda ya kwake. Humo unajifunza kuhisi nguvu inatoka wapi kabla haijafika, jambo ambalo kufanya peke yako hakuwezi kukupa hata ukifanya kila siku.

Na hilo nalo halitoshi. Mwenzako aanze kwa kukurushia mkono polepole, kisha kwa kasi, kisha bila kukwambia ni mkono upi, na mwisho akatae kuanguka. Aprili 2017 mjini Chengdu, Wei Lei, aliyejitangaza kuwa bingwa wa tai chi, alipambana na Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko. Aliangushwa na kushindwa katika sekunde chache. Wengi walisema tai chi ni uongo. Mimi nasema pambano lile lilionyesha hatari ya kuamini jina badala ya kujipima na mtu anayekupinga kwelikweli.

"Bingwa humrusha mtu bila kumgusa"

Hapana. Nguvu huanzia mguu unaokanyaga ardhi, hupita nyongani na mgongoni, na kutokea mkononi, mwili mzima ukisukuma kwa pamoja. Wanaoruka kwenye video kabla hawajaguswa ni wanafunzi wanaomridhisha mwalimu wao.

"Anayefanya polepole atapigana polepole"

Upole ni wa kujifunzia. Ukienda polepole, huwezi kuficha mguu uliokosea wala bega lililokakamaa. Mtindo wa Chen una mfululizo wa pili, Ngumi za Mizinga, wenye kuruka, kukanyaga kwa kishindo na mapigo ya ghafla. Aliyeuona hasemi tena kwamba tai chi ni ya wazee. Wazee nao wasiuache ule wa taratibu: tafiti nyingi zimeonyesha kuwa hupunguza kuanguka, na kwa mtu wa miaka 75, kuvunjika nyonga ni hatari iliyo karibu kuliko mwizi.

"Ni ibada ya Wachina"

Swali hili huulizwa sana Mji wa Kale, na linastahili jibu la heshima. Lugha ya yin na yang, yaani pande mbili zinazokamilishana, imetoka katika falsafa ya Kichina, lakini miondoko yenyewe haina dua wala sanamu. Ngumi ndani ya kiganja ni salamu. Asiyetaka kuinama aweke mkono kifuani, na mwalimu mwenye adabu hatamlazimisha. Waislamu wa kabila la Hui wana historia ndefu katika sanaa za mapigano za China. Wang Ziping (1881–1973), mmoja wa mabingwa waliovuma sana, alikuwa miongoni mwao.

"Sasa hata mwenye kisu simwogopi"

Mwogope. Akikutolea kisu uchochoroni akitaka simu, mpe simu, kisha ondoka upesi. Mbinu za mikono mitupu ni za pale usipokuwa na njia ya kukimbia, na hata hapo unaweza kuumia. Sheria nayo hukuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Ukiendelea kumpiga aliyekwisha kuanguka, kesi yaweza kukugeukia wewe.

Kama tayari unajifunza, chagua mwondoko mmoja, labda Kufukuza Nyani, umwombe mwenzako akushike mkono kwa nguvu zake zote na asikuachie kwa huruma. Ukishindwa kutoka, tazama kwanza nyonga yako: mara nyingi utakuta mkono unavuta peke yake, nyonga imelala.