Jina la faili si tagi: dhana potofu kuhusu programu za kupanga nyimbo

Dhana: Ukishabadilisha jina la faili, wimbo umepata jina.

"Nimeandika jina vizuri kabisa, mbona simu bado inaonyesha Track 03?" Ni kwa sababu wimbo una majina mawili. La nje ni jina la faili, lile unaloliona ukifungua folda. La ndani ni tagi: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka na namba ya wimbo. Pleya nyingi husoma la ndani. Programu kama Mp3tag hufanya kazi pande zote mbili: huchukua tagi ikatunga jina la faili, au huchukua jina la faili ikajaza tagi. Angalia umechagua upande upi kabla ya kubofya. Ukikosea, tagi safi za nyimbo mia tano zinafutwa na majina mabovu kwa mara moja, na inauma.

Dhana: Kuandika tagi kunashusha ubora wa sauti.

Hakushushi. Tagi hukaa kando, sauti haiguswi. ID3, mfumo wa tagi za MP3, katika toleo lake la kwanza la mwaka 1996, ilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili la MP3, zikianza na herufi TAG. Jina la wimbo lilitengewa herufi 30, msanii 30, albamu 30. Ndiyo maana kwenye mafaili ya zamani unakuta majina marefu yamekatwa katikati ya neno. Toleo la pili, ID3v2, lilipokuja mwaka 1998 lilihamia mwanzoni mwa faili na kuleta nafasi ya kutosha, hata ya picha ya jalada.

Dhana: Programu inaujua kila wimbo, iachie kazi yote.

Hapa ndipo maktaba nyingi huharibika. Picard, programu ya mradi wa MusicBrainz ya kupanga nyimbo, inaweza kuutambua wimbo usio na jina lolote: huchukua alama ya sauti yake, mfano wa alama ya kidole, na kuitafuta kwenye hazina ya AcoustID. Lakini hazina hiyo hujazwa na watu wanaojitolea. Wimbo ambao hakuna aliyeuwasilisha hautapatikana, hata uwe maarufu kiasi gani mtaani kwenu.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Alama hiyo hutambua rekodi, si albamu. Rekodi moja inaweza kuwa kwenye albamu ya asili, kwenye mkusanyiko wa nyimbo bora na kwenye toleo lililotolewa upya. Ukiziachia nyimbo zijipange moja moja, albamu ya nyimbo kumi na mbili unaikuta imetawanyika kwenye folda nne. Nakusihi, ingiza albamu nzima kwa pamoja, linganisha idadi ya nyimbo na urefu wa kila mmoja, chagua toleo lako mwenyewe, ndipo uhifadhi.

Dhana: 1 na 01 ni mamoja.

Kwenye vifaa vingi vya kuchezea muziki, faili ambalo jina lake linaanza na 10 hutangulia linaloanza na 2. Andika 01, 02. Windows nayo hukataa alama kama ? na : kwenye jina la faili, ziondoe huko, ila kwenye tagi ziache.

Dhana: Tagi hufanya kazi sawa kwenye kila aina ya faili.

FLAC na M4A zina mifumo yake, na hukubali tagi vizuri. WAV ndiyo yenye shida: pleya nyingi hazisomi tagi zake. Igeuze iwe FLAC, sauti itabaki ileile na faili litapungua ukubwa.