Transfoma ya kijana wa dagaa

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa mitumbwi ya dagaa alinijia na transfoma iliyoungua, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. "Shikamoo mwalimu. Hii imetoa moshi kabla hata taa haijawaka."

Aliing'oa kwenye redio ya zamani: ya kushusha, volti 230 hadi 12. Akawaza, ikiwa inashusha, nikiigeuza si itapandisha? Akachukua betri ya volti 12 wanayowashia taa za kuvutia dagaa usiku, akaiunga upande wa 12, akisubiri upande wa pili utoe umeme wa nyumbani.

Wazo la kugeuza lilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa betri.

Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Mwanza, na siku za mapumziko nasuka mota na transfoma. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaiandika kanuni ya uwiano wa raundi, yaani mizunguko ya waya ya kila upande, bila kukosea herufi. Waulize kwa nini betri haifai, wanatazamana. Wameikariri kwa Kiingereza, na hakuna aliyewaonyesha kitu chenyewe.

Basi tuifungue. Ndani kuna koili mbili za waya, praimari inayopokea umeme na sekondari inayoutoa, zimezungushwa kwenye mabati membamba ya chuma yaliyopakwa vanishi. Koili hizo hazijaungana popote. Kinachovuka kutoka moja kwenda nyingine ni usumaku wa kwenye chuma, nao hauzai volti mpaka ubadilike. Michael Faraday aliliona hilo mwaka 1831: alisuka koili mbili kwenye pete ya chuma, moja akaiunga na betri, na mshale wa kipimo kwenye ile ya pili ukaruka pale tu alipounga betri au alipoikata. Katikati ya hapo, kimya. Umeme wa TANESCO hauna kimya hicho, kwa sababu unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde.

Fundi hafikirii uwiano, anafikiria volti kwa kila raundi. Transfoma ile ilikuwa na raundi 1,150 upande wa 230, yaani volti 0.2 kwa raundi moja. Raundi zote, za praimari na za sekondari, zinashiriki usumaku uleule, kwa hiyo kila moja hupata 0.2 yake. Ukitaka volti 12, suka raundi 60. Basi.

Wengi husema transfoma ya kushusha "inapunguza umeme". Hapana. Ukichota ampea 3 kwa volti 12, umechukua wati 36. Tukiacha upotevu kidogo, upande wa 230 unavuta kama ampea 0.16 tu. Volti imeshuka, mkondo umepanda. Ndiyo maana waya wa sekondari ni mnene, na lebo ikifutika bado naujua upande wa kushushia kwa kutazama waya tu.

Sasa sehemu ambayo daftari nyingi huiruka. Waya wa praimari ile una ukinzani wa omu kama 40. Ukigawanya 230 kwa 40 unapata karibu ampea 6, za kuuchoma mara moja. Hauungui, kwa sababu usumaku unaobadilika huzalisha volti ndani ya praimari yenyewe pia, ikisukuma kinyume, karibu sawa na ile inayoingia. Kinachobaki ni mkondo mdogo. Ukiwasha taa upande wa pili, mkondo wa sekondari hupingana na usumaku huo, msukumo wa kinyume unalegea kidogo, na praimari inavuta zaidi. Transfoma inajipimia yenyewe.

Betri haibadiliki, kwa hiyo hakuna msukumo wa kinyume. Unabaki ukinzani wa waya peke yake, nao kwenye koili nene ya raundi 60 ulikuwa nusu omu. Volti 12 kwa nusu omu ni ampea 24, na joto la wati 288 kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Moshi ulikuwa lazima.

Nilimweleza anachohitaji ni inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Akacheka nilipomwambia kwamba hata humo mara nyingi kuna transfoma, ila kabla umeme wa betri haujaifikia, transista, yaani swichi ndogo za kielektroniki, zimeshaukatakata na kuugeuzageuza mara nyingi kwa sekunde.