Redio ya Fuwele na Majarida Yaliyoifundisha

Redio ya fuwele ni kipokezi kisichotumia betri wala umeme wa ukutani. Sauti yote unayoisikia hutokana na nguvu ya wimbi lenyewe la redio, lililorushwa na mnara wa kituo na kunaswa na waya mrefu uliotundikwa juu ya paa. Vifaa vyake havizidi vinne: antena pamoja na waya wa kwenda ardhini, koili, fuwele, na hedifoni. Kwa sababu ya uchache huo, kijana asiye na fedha aliweza kuitengeneza kwa kufuata ukurasa mmoja wa jarida, na hapo ndipo mafundi wengi wa kwanza wa elektroniki waliposomea.

Koili ndiyo ya kuchagua kituo. Ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye bomba la karatasi ngumu. Ukibadilisha idadi ya mizunguko inayotumika, unabadilisha masafa ambayo redio huyaitikia. Kazi ya ajabu hasa huifanya fuwele. Wimbi la kituo cha AM hugeuka mbele na nyuma mara laki kadhaa kwa sekunde, hata zaidi ya milioni. Ukilipeleka hivyo hivyo kwenye hedifoni, msukumo wa mbele na wa nyuma hufutana, nawe husikii chochote. Fuwele hupitisha umeme kwa upande mmoja na kuuzuia kwa upande wa pili. Kinachobaki ni misukumo ya upande mmoja, mikubwa pale sauti ya mtangazaji inapopanda na midogo inaposhuka, na hiyo ndiyo inayotikisa kibati chembamba ndani ya hedifoni. Kwa lugha ya leo, fuwele hiyo ni diodi.

Fuwele iliyopendwa zaidi ilikuwa galena, madini ya metali ya risasi na salfa, jiwe la kijivu linalong'aa. Juu yake uligusishwa waya mwembamba wenye ncha, na msikilizaji aliusogeza polepole mpaka apate sehemu ya jiwe inayofanya kazi. Meza ikitikiswa kidogo tu, sauti hupotea, na utafutaji unaanza upya. Tabia hii ya madini kupitisha umeme upande mmoja iligunduliwa na Mjerumani Ferdinand Braun mwaka 1874. Jagadish Chandra Bose wa Calcutta, India, aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kipokezi cha galena mwaka 1901, akapewa Marekani mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Greenleaf Pickard, Mmarekani aliyejaribu madini mengi mno, alipata hataza ya kipokezi cha silikoni. Bose hutajwa mara chache katika historia hii, na hiyo si haki.

Wakati huo karibu hapakuwa na vituo vya muziki wala habari. Aliyevaa hedifoni alisikia msimbo wa Mosi, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu: meli zikiitana, vituo vya jeshi la wanamaji, na kuanzia 1913 ishara za saa kutoka kituo cha Arlington, karibu na Washington. Kwa hiyo redio peke yake haikutosha. Ilibidi ujifunze Mosi, ujue koili ina mizunguko mingapi, ujue pia pa kununua galena. Nani angekufundisha hayo kama unaishi shambani, mbali na chuo na mbali na duka la vifaa?

Jibu lilitoka New York. Hugo Gernsback, aliyezaliwa Luxembourg mwaka 1884 na kuhamia Marekani mwaka 1904, alianzisha kampuni ya kuuza vifaa vya umeme kwa njia ya posta. Mwanzoni mwa 1906 alitangaza katika jarida la Scientific American seti nzima ya redio kwa matumizi ya nyumbani. Aprili 1908 akatoa jarida lake, Modern Electrics. Kurasa zilezile zilizoeleza namna ya kutengeneza kifaa zilitangaza pia sehemu zake. Ni kweli mwenye jarida alikuwa pia mwenye duka, na msomaji alipaswa kukumbuka hilo. Hata hivyo naamini bila mchanganyiko huo maarifa yale yasingefika mbali, kwa sababu mchoro usio na waya wala jiwe la kuufanyia kazi ungebaki karatasi tu. Jarida lilichapisha pia picha za vituo ambavyo wasomaji walivijenga vyumbani mwao. Kijana aliyeona chumba cha mwenzake asiyemjua, kimejaa koili na swichi, alijua kwamba hayuko peke yake.

Mwaka 1909 Gernsback alianzisha chama cha wanaredio wa ridhaa, yaani wale wanaoifanya kazi hii kwa mapenzi bila malipo, na akachapisha orodha ya vituo vyao. Idadi ilipozidi, kelele zao zilianza kuingiliana na mawasiliano ya wanamaji. Baada ya Titanic kuzama mwezi wa Aprili 1912, Marekani ilipitisha sheria ya redio mwaka huohuo. Wanaorusha ishara angani walitakiwa kuwa na leseni, na wa ridhaa wakasukumwa kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 na kushuka, eneo ambalo wakubwa waliliona halina faida. Utaratibu wa leseni na herufi za utambulisho umeenea dunia nzima: leo herufi za mwanaredio wa ridhaa wa Kenya huanza na 5Z, wa Tanzania 5H, wa Uganda 5X.

Hiram Percy Maxim na Clarence Tuska walianzisha ARRL, umoja wa wanaredio wa ridhaa wa Marekani, huko Hartford, Connecticut, mwaka 1914, na jarida lao QST likatoka Desemba 1915. Uingereza nako, Wireless World lilichukua jina hilo mwaka 1913 baada ya kuanza kama jarida la kampuni ya Marconi. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilipoanza matangazo Novemba 1920, redio ya fuwele ilipata kazi mpya: familia nzima sasa ilitaka kusikiliza. Mwaka 1922 ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilitoa kijitabu cha kumwelekeza raia ajitengenezee kipokezi cha fuwele nyumbani. Kile ambacho majarida yalikuwa yakikifanya kwa miaka 14 kilikuwa sasa kazi ya serikali.

Valvu, vifaa vya kioo vinavyofanana na balbu, ndizo zilizoiondoa redio ya fuwele mezani, kwa kuwa ziliweza kukuza sauti na kuendesha spika. Lakini haikufa. Mwaka 1944 huko Anzio, Italia, wanajeshi wa Marekani walitengeneza vipokezi kwa wembe, pini na kile kijiti cheusi cha ndani ya penseli badala ya galena.

Ukitaka kuijaribu, tumia diodi ya jermanium mahali pa jiwe, na waya wa antena wa mita 20 au zaidi. Hedifoni za simu hazifai kuunganishwa moja kwa moja. Tafuta zile zenye ukinzani mkubwa, wa omu 2,000, au kisikizio cha kauri. Itashika vituo vya AM vilivyo karibu, si FM, na usiutundike waya huo karibu na nyaya za umeme wala kuutumia radi inapokaribia.