Kudhibiti kifaa kwa mbali: hiyo "mbali" ni ipi?

Nimesikia tena juzi: "Maabara yetu siku hizi tunaidhibiti kwa mbali." Kuuliza vizuri, kumbe wamefunga kamera mbele ya oskiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, na bosi anaona picha kwenye simu yake. Akitaka volti ipande hata kidogo, anampigia kijana aliye ndani ya chumba.

Maana yenyewe ni fupi. Kudhibiti kifaa cha maabara kwa mbali ni kukipa amri kwa waya au mtandao badala ya kubonyeza vitufe vyake, nacho kikatii na kujibu. Kompyuta inatuma *IDN?, kifaa kinajitaja: mtengenezaji, modeli, namba yake ya kiwandani, toleo la programu. Basi.

Tatizo ni hilo neno "mbali". Rimoti tuliyoizoea ni ile ya televisheni, inayopotea chini ya mto wa kochi, kwa hiyo tukisikia rimoti tunawaza umbali. Neno lenyewe, remote la Kiingereza, asili yake ni Kilatini, remotus, yaani kilichoondolewa mahali pake, kilichosogezwa kando. Kwenye vifaa vya kupimia maana hiyo ya zamani ndiyo inayofanya kazi. Kwa vifaa vingi, amri ya kompyuta ikiingia, kwenye kioo panatokea alama kama "Rmt", kifupi cha remote, na vitufe vya mbele vinakuwa viziwi mpaka ubonyeze "Local", yaani udhibiti urudi mkononi mwako. Kompyuta yenyewe inaweza kuwa juu ya meza hiyo hiyo. Kilichosogezwa kando ni mkono wako.

Na ndivyo ilivyoanza. Hewlett-Packard walibuni njia ya kuunganisha vifaa vyao na kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 ikawa IEEE 488, kiwango rasmi cha chama cha wahandisi wa umeme, IEEE: vifaa visizidi 15, waya wote usizidi mita 20. Mita 20! Ni kutoka maabara hadi chooni, na bado waliita rimoti. Ethaneti, huu waya wa mtandao wa kompyuta, ilikuja kurefusha waya tu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Makerere wamewahi kufanya majaribio kwenye vifaa vilivyokuwa MIT, Marekani, kupitia mradi wa iLab. Kwa kifaa kule, amri ni amri, iwe imevuka bahari au imetoka chumba cha jirani.

Sasa "kudhibiti". Tumelitoa kwenye dhabt ya Kiarabu, kushika barabara, na humo humo mna maana ya usahihi. "Kuthibitisha" lina mzizi mwingine kabisa, ule wa thabiti. Kila siku naona watu wameandika "kudhibitisha", neno lisilo baba wala mama. Kwenye barua ya ofisi utasamehewa. Mbele ya pawa saplai, kifaa kinachotoa umeme kwa volti unazoagiza, utaumia.

Ukituma VOLT 5, umedhibiti. Ukiuliza VOLT? nayo ikajibu 5, usishangilie, maana inakurudishia maneno yako mwenyewe: hiyo ni volti uliyoiagiza. Kama sakiti inavuta mkondo mwingi na kikomo cha ampea kimefikiwa, kwenye tundu za kutolea umeme unaweza kuwa na volti 3 tu, na VOLT? itaendelea kujibu 5 bila haya. Anayetaka kuthibitisha anatuma MEAS:VOLT?, ndipo kifaa kinapopima kweli. Nimewahi kushika ripoti nzima, na grafu zake za rangi, iliyojengwa juu ya volti 5 ambazo hazikuwahi kufika kwenye sakiti. Aliyeiandika alikuwa mwangalifu mno. Aliuliza swali lisilo lenyewe, mara mia tatu.

Turudi kwa ndugu zetu wa kamera. Kazi yenu ina faida, msiing'oe, ila iiteni kutazama kwa mbali. Nyuma ya hiyo oskiloskopu kuna tundu la waya wa mtandao, nimeliona, limejaa vumbi. Mkishachomeka waya mkatuma amri nayo ikatii, hapo semeni mnaidhibiti, hata kama mmekaa kiti cha pembeni yake.