Mondrian: rangi ilizimwa kwanza, ndipo ikauacha mti

Wengi wakiona miraba myekundu, ya njano na ya buluu ya mchoraji Mholanzi Piet Mondrian hudhani alifika huko kwa kukoleza rangi mwaka hadi mwaka. Sivyo. Rangi yake ilikolea, ikazimwa karibu yote, ndipo ikarudi bila kitu cha kuivaa.

Mandhari zake za awali, vinu vya upepo na mashamba kando ya mto Gein karibu na Amsterdam, ni za kahawia na kijani kilichofifia. Kuanzia 1908 zinawaka. Katika "Mti Mwekundu" (1908–1910), buluu ya anga imepita hadi ndani ya shina, na wekundu wa mti umeangukia ardhini. Hata hivyo mti bado ni mti. Rangi kali inayofuata umbo hulitia nguvu umbo hilo, na hapo ndipo wanaoiga hukwama: wanazidi kukoleza huku mchoro ukibaki mandhari ile ile.

Baada ya kukutana na kazi za Picasso na Braque, wachoraji wa kubisti waliovunja vitu kuwa vipande, akageukia kijivu. Katika "Mti wa Kijivu" (1911), nafasi kati ya matawi zimepakwa nzito, kwa mipigo ya brashi inayoonekana, sawa na matawi yenyewe. Kwangu hii ndiyo picha ya kusoma kuliko zote. Rangi ilipoondoka, jicho likakosa njia ya kutenga mti na anga.

Jaribu mwenyewe. Changanya buluu ya ultramarini (buluu iliyokolea) na kahawia iliyoungua (burnt umber), ongeza nyeupe, upate vijivu vitano. Paka nafasi kwanza, matawi baadaye. Piga picha kwa simu, iondoe rangi: matawi yakichomoza mno, tofauti ya giza na mwanga ni kubwa, basi ipunguze. Kijivu kikigeuka tope, umechanganya rangi nyingi mno. Baki na hizo tatu.

Kisha rangi ikarudi: kufikia 1917, katika picha zake vipande vya rangi vinaelea juu ya weupe. Mwaka 1921 nyekundu, njano na buluu zimeshikwa na mistari myeusi. Picha za vitabuni hudanganya hapa: weupe wa miraba ya wakati huo haufanani. Mmoja una ubuluu, mwingine ukijivu, na mipigo ya brashi hubadili mwelekeo. Ukiiga kwa nyeupe moja ya kopo, utapata ukuta wa vigae.