Kupitia polisi si sawa na kujua kufundisha kujihami

Tangazo la darasa la kujihami Mwanjelwa au Kabwe, hapa Mbeya, likisema mwalimu "amepitia polisi", wengi hawaulizi tena. Kuna ya kuuliza. Askari hufunzwa kukamata: amsogelee mtu, amdhibiti, amtie pingu, akiwa na wenzake, kirungu na mamlaka ya kisheria. Mama muuza mitumba anayefunga kibanda jioni hana hata kimoja kati ya hivyo. Yeye anahitaji kuchomoka na kukimbilia penye watu.

Kozi ya awali pale Shule ya Polisi Moshi ina gwaride, sheria na shabaha. Mapambano ya mikono ni sehemu tu. Na anayejinadi kwamba yeye ndiye aliyewafundisha polisi? Huenda ilikuwa semina ya siku moja. Muulize nani alimfunza kufundisha raia.

Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea, ila kwa nguvu ya kiasi. Mwalimu asiyeligusa hilo anakuandalia kesi.

Mimi ningeomba kutazama kipindi kimoja kabla ya kulipa, nione kama wanafunzi wanajaribu mbinu kwa mtu anayewakabili kwelikweli, au kwa mwenzao aliyesimama tu akisubiri kuangushwa.