"Will" Peke Yake Haitoshi: Kuzungumzia Kesho kwa Kiingereza Kabla ya Msimu wa Wageni

Msimu wa Agosti unakaribia, na dawati letu la lugha hapa mjini Lamu limeshaanza kupokea malalamiko. Safari hii mengi hayahusu bei wala maboya ya kujiokolea. Yanahusu ujumbe wa simu. Mgeni ameandikiwa jambo, akalielewa vingine, akasubiri jetini au akapanda chombo cha mtu mwingine. Nahodha naye anaona ameonewa, kwani "nilimwambia nitakuja". Hatuna shaka kwamba pande zote zilikuwa na nia njema, na ndiyo sababu tunaandika mapema, kabla ya kuanza kuitana ofisini.

Kiswahili kimetupa "-ta-", na kiambishi hicho kinabeba kila kitu: ahadi, mpango, utabiri, hata kitisho. Mwamu, yaani mtu wa Lamu, akisema "takuya" (nitakuja), msikilizaji anajua kwa sura na sauti kama atakuja kweli. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho. Kitenzi chake hubadilika umbo kwa nyakati mbili tu, uliopo na uliopita, na kwa sababu hiyo wanasarufi wengi wa leo wanashikilia kwamba lugha hiyo haina wakati ujao kama umbo la kitenzi. Kesho yake huelezwa kwa njia za kuazima: "will", "going to", na mara nyingi wakati uliopo wenyewe. Aliyefundishwa shuleni kwamba "will" ni "-ta-" hakudanganywa, ila alipewa sehemu tu ya habari.

Wapo wanaoshikilia kwamba "will" ni ya mambo ya mbali na "going to" ni ya karibu. Si kweli. "Wait, I'll open the door" ni ya sasa hivi, na "I'm going to build a house when my son finishes university" huenda ikachukua miaka kumi. Tunalisema hili katika kila kozi, na katika kila kozi kuna anayelileta upya.

Kinachoamua ni jambo limetoka wapi. Limeamuliwa papo hapo? Mtu alikuwa na nia nalo tangu awali? Wawili wameshapatana? Au limo kwenye ratiba isiyomngoja mtu?

Chukua mgeni aliyeko Shela anayeandika: "Can someone take us to Matondoni tomorrow?" Ukijibu "I'll take you", umepatia. Uamuzi umezaliwa hapo hapo, nawe umejitolea. Lakini mkishakubaliana saa na bei, hali imebadilika. Usiku ukimwandikia "I will pick you up at eight", sarufi haina kosa, ila mgeni anaweza kudhani ndiyo kwanza unaamua, na asiyeona uhakika hutafuta chombo kingine. Andika "I'm picking you up at eight, at the Shela jetty". Hapo anaelewa kwamba jambo limepangwa, chombo kimetengwa na mafuta yametiwa. "I'm going to pick them up" ungemwambia mwenzako kijiweni: inaonyesha nia yako, hata kama mgeni mwenyewe hajathibitisha. Hiyo hiyo "going to" ndiyo ya dalili zinazoonekana kwa macho. Wingu limekuwa jeusi juu ya Manda: "It's going to rain."

Ratiba nayo hutaka wakati uliopo wa kawaida. Anayekwenda Pate kwa kupitia Mkanda anajua kwamba mfereji ule hutegemea maji kujaa, na maji hayafuati mapenzi ya nahodha. Basi: "High tide is at ten, so we leave at nine." Ndege ya Manda na basi la Mokowe ni vivyo hivyo: "Your flight leaves at three." Na tafadhali, "three" hiyo ni saa tisa. Hilo la saa lina faili lake, na ni nene kuliko hili.

Kuna jambo moja ambalo limetuchosha kidogo. Mtu anaagana na mgeni, anamwambia "I'm coming", kisha anaelekea upande mwingine. Kwetu "nakuja" ni adabu, maana yake nitarudi sasa hivi. Mgeni anamwona mtu anayesema anakuja huku anaondoka. Sema "I'll be right back". Ukiwa umeshatoka na uko njiani, "I'm on my way". Ukiwa bado nyumbani unatafuta viatu, usitumie yoyote kati ya hizo.

Kosa linaloongoza kwenye karatasi zetu za mtihani ni hili: "If it will rain, we will not go." Watu hukisingizia Kiswahili, lakini tazama: "Ikinyesha, hatutaenda." Ndani ya "ikinyesha" hamna "-ta-". Kinachotuponza ni "kama itanyesha", na zaidi "utakapofika", ambamo "-ta-" imo kweli, na mtu huihamisha nzima nzima: "when you will arrive". Kwa Kiingereza, kishazi cha sharti au cha wakati kinachoanza na "if", "when", "unless", "until", "before", "after" au "as soon as" hubaki katika wakati uliopo, na "will" hukaa upande wa pili wa sentensi au isiwepo kabisa: "When you arrive, call me." "We'll wait until the tide comes in." Wengine wakishasikia hayo hufyeka kila "will" iliyo karibu na "when". Polepole. "I don't know when he will come" ni sahihi, kwa kuwa "when" hapo inauliza lini. Kuna pia "If you will wait here", ambapo "will" ina maana ya kukubali kwa hisani. Ni sahihi, lakini kwa mwanafunzi tunashauri aiache kwanza.

Kwa kina mama wa nyumba za wageni, umbo lenye faida kubwa ni lile ambalo wengi hulikwepa kwa urefu wake. "Will you have dinner with us?" ni mwaliko, na mgeni anaona vibaya kukataa. "Will you be having dinner here tonight?" inauliza mpango wake tu, bila kumsukuma. Nawe unapata unachotaka kujua, yaani ununue samaki wangapi.

Kuhusu lile la "will have", Kiswahili kinatusaidia kabisa, kwa hiyo sitakawia: "By noon the water will have gone out" ni "kufikia saa sita maji yatakuwa yameshatoka".

Sasa usahihishaji, maana tunaulizwa kila wiki. Katika mtihani wetu wa cheti tunatenganisha kosa la umbo na kosa la uchaguzi. Kosa la umbo ni kama "I will to come", "he will comes" au "I will can", ambayo ingekuwa "I will be able to". Hilo huondoa alama moja kila linapotokea, hata likirudiwa katika ujumbe ule ule. Kosa la uchaguzi, kama "will" mahali pa mpango uliokwisha kukubaliwa, huondoa nusu alama, na likirudiwa halihesabiwi tena. Ritifaa (alama hii: ') inayokosekana katika "I'll" huhesabiwa kosa la umbo, wala si ukali usio na sababu: "ill" bila ritifaa ni mgonjwa, na mgeni aliyeandikiwa "Ill come tomorrow" ana haki ya kukuombea shifaa. "Gonna" hatuikati alama katika mazungumzo. Katika maandishi inakatwa. Anayepinga alama zake alete karatasi yenyewe, si picha yake, ndani ya siku saba, na ombi liwe kwa maandishi. Malalamiko ya mdomo hayafunguliwi faili.

Imebaki "shall". Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati Mwingereza, aliweka kanuni kwamba utabiri wa kawaida uwe "I shall" na "we shall", na nafsi nyingine zitumie "will". Wazee wachache wa mji bado wanaishika, na hatuwazuii, ingawa siku hizi husikika zaidi katika kujitolea: "Shall I carry your bag?" Mpagazi aanze na hiyo.

Katika sheria na mikataba, "shall" ni wajibu. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinaposema "The State shall promote and protect the diversity of language", hakibashiri kwamba siku moja Serikali itafanya hivyo, kinaiamuru. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 iliacha neno hilo ikatumia "must", na nia ni ile ile. Kwa hiyo fomu ya kukodi chombo inayosema "The guest will pay half before departure" inaacha mlango wa ubishi bure. Andika "shall" au "must", na usichanganye yote mawili katika fomu moja. Makala haya si ushauri wa kisheria. Penye fedha nyingi, muone wakili.

Wenye fomu za zamani wanaweza kuzileta dawatini asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi. Tunasahihisha lugha tu. Bei na masharti ni yenu. Tafadhali msilete fomu ambazo mgeni ameshatia sahihi, kwa sababu hizo hatuzigusi.